Maji yapate pa kutorokea: kukagua lambo lako la udongo kabla ya masika

Huku Handeni mkoani Tanga, Tanzania, upande wa Kabuku, mwenye lambo huheshimiwa Januari na hulaumiwa Aprili. Januari kaskazi likishakausha visima, kila mtu ni ndugu yako: mwenye ng'ombe, mfyatua matofali, mama wa bustani ya nyanya. Aprili mvua ikikesha siku mbili mfululizo, ndugu walewale wanakuuliza, "Hivi hilo tuta lako lina nguvu?" Na mara nyingi mwenyewe huna la kujibu.

Mimi sikuwa na jibu kwa miaka mingi. Lambo letu lilichimbwa na marehemu baba miaka ya themanini kwa katapila la kukodi, siku nne tu. Udongo ulisukumwa, ukakanyagwa na minyororo ya katapila lenyewe, kazi ikaisha. Hakukuwa na ramani wala mhandisi. Limesimama hadi leo, ila usiku mmoja lilitaka kuondoka, na makosa yalikuwa yetu. Nitayasimulia tukifika kwenye utoro, yaani njia ya kando inayotoa maji yanayozidi lambo likijaa.

Haya ninayoandika yanamfaa mwenye tuta dogo lililokwisha kujengwa, la mita tatu, nne, ikizidi sana tano. Kujenga jipya ni habari nyingine na inataka mhandisi tangu siku ya kwanza. Na kama tuta lako ni refu kuliko hapo, au kuna nyumba za watu karibu chini yake, soma tu ili ujue la kumwuliza mtaalamu, usiyafanye haya kuwa badala yake.

Kagua mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika. Ukishindwa moja, usiiache ya Februari. Maji yameshuka, upande wa ndani wa tuta uko wazi, na majani yamekauka kiasi cha kufyekeka. Beba panga, fimbo ndefu, futi kamba, ndoo ya lita 20, chupa mbili tupu za maji zinazoonyesha ndani, daftari, simu yenye chaji, na mpira wa levo, ule wa plastiki nyeupe ambao mafundi ujenzi huhamishia usawa. Nenda na mtu mwingine. Macho mawili huzoea tuta lake mpaka hayalioni tena.

Hatua ya kwanza: pima ulichonacho

Wengi wetu tunajua ng'ombe wangapi wanakunywa lamboni, lakini hatujui lambo linabeba maji kiasi gani. Hesabu yake ya makadirio ni rahisi. Chukua urefu wa tuta pale maji yanapofika likijaa, zidisha kwa umbali ambao maji yanarudi nyuma bondeni, zidisha kwa kina kirefu kabisa karibu na tuta, kisha gawanya kwa sita. Langu: mita 80, mita 200, mita 4. Jibu ni kama mita za ujazo 10,700. Kila mita ya ujazo ni tani moja ya maji. Kwa hiyo nyuma ya udongo ule wa baba kuna uzito wa malori ya tani kumi zaidi ya elfu moja, yamepangwa yanasubiri. Siku nilipoipata hesabu hiyo niliacha kuliita "kidimbwi".

Halafu pima tuta lenyewe. Mgongo wake, yaani kule juu mnakopita, uwe na upana usiopungua mita 3. Upande wa maji ulale: kwa kila mita moja ya kupanda, mita tatu za kwenda mbele. Upande mkavu unaweza kusimama kidogo zaidi, moja kwa mbili au mbili na nusu. Ukikuta upande mkavu umesimama kama ukuta, aghalabu ni kwa sababu watu wamekuwa wakichota udongo pale chini, pa unyayo wa tuta, kwa kukandika nyumba au kufyatua tofali. Wakataze leo hii. Kuchota udongo unyayoni ni kumkata mtu vidole vya miguu kisha kumtwisha gunia.

Kipimo cha mwisho ndicho kikubwa: kutoka sakafu ya utoro wa maji hadi sehemu ya chini kabisa ya mgongo, iwepo angalau mita moja. Nasema sehemu ya chini kabisa kwa makusudi. Tuta la udongo hushuka lenyewe kadiri miaka inavyopita, na hushuka zaidi katikati, ambako ndiko lilikuwa refu. Pale ng'ombe na bodaboda wanapokatiza, linalika. Kwa macho unaliona limenyooka. Weka mpira wa levo kila baada ya mita tano utashangaa. Langu lilikuwa na bonde la sentimita 45 mahali ambapo mimi mwenyewe nimepita maelfu ya mara. Bonde la namna hiyo hujazwa kwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata. Kwanza kwangua majani na udongo wa juu, la sivyo umeweka kiraka juu ya zulia.

Hatua ya pili: shuka bondeni kwa miguu

Acha tuta nyuma yako, fuata korongo kuelekea chini kilomita mbili, tatu. Andika kila kitu kilichomo njiani: nyumba, zizi, kalavati la barabara, darasa, kisima, shamba la mpunga na kibanda cha kulindia ndege. Baba alipochimba lambo, chini kulikuwa na pori. Leo kuna nyumba saba, moja ya bibi anayeishi na wajukuu wanne. Lambo halikuongezeka hata ndoo moja, lakini hatari yake imeongezeka, na hiyo ndiyo sababu ya kurudia matembezi haya kila mwaka.

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la udongo la mtu binafsi lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, baada ya mvua kubwa ya masika. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi wao wakazi wa chini ya bwawa hilo. Masika ya kule na ya kwetu ni masika yaleyale.

Kwa kila nyumba uliyoiandika, chukua namba mbili za simu. Kisha kaa na mwenyekiti wa kitongoji mkubaliane ishara siku ambayo mtandao hautakuwepo, kwa sababu mvua kubwa na mtandao hawapatani. Sisi tulikubaliana spika ya msikiti, na kipenga kwa walio mbali. Onyesheni pia wapi pa kukimbilia: si barabarani kuelekea chini, ni kupanda kando, kuliacha korongo. Siku ya kuwaeleza wenzako habari hii utaona haya, kana kwamba unakiri kitu chako ni kibovu. Mzee mmoja aliniambia, "Kijana, miaka yote hii tulikuwa tunajiuliza lini utakuja."

Hatua ya tatu: utoro wa maji

Jina lenyewe limeshasema kila kitu. Mwanafunzi mtoro huruka ukuta. Maji nayo, usipoyapa njia ya kutorokea, yataruka ukuta wako. Tofauti ni kwamba ukuta wa shule hubaki. Maji yakishapita juu ya tuta la udongo, yanaporomokea upande mkavu, yanaanza kuchimba chini unyayoni na kurudi nyuma kuelekea mgongoni, na kazi hiyo huweza kuisha kwa saa moja au mbili.

Utoro uwe kando ya tuta, umechimbwa kwenye ardhi ya asili ambayo haikuguswa, na uyapeleke maji mbali na unyayo kabla ya kuyaachia korongoni. Sakafu yake iwe sawasawa, imeota ukoka mfupi au imetandikwa mawe. Ukikuta mfereji umejichimba katikati ya sakafu, uzibe sasa, kwa mawe yaliyopangwa na udongo ulioshindiliwa, maana masika moja inatosha kuugeuza korongo jipya linalolila lambo kwa ubavuni.

Upana je? Hapa ndipo wengi tunabahatisha, basi tufanye hesabu. Tuseme eneo linalomwaga maji kwenye lambo lako ni hekta 100, yaani kilomita moja ya mraba. Inyeshe mvua ya milimita 50 kwa saa moja. Eneo hilo limepokea mita za ujazo 50,000. Ardhi inywe asilimia 60, itiririke 40: ni mita za ujazo 20,000 kwa saa, sawa na tano na nusu kila sekunde. Utoro wa upana wa mita 10, maji yakipita kwa kina cha nusu mita, hutoa kama mita za ujazo sita kwa sekunde. Umeponea chupuchupu. Utoro uleule ukizibwa nusu hutoa tatu. Zile mbili na nusu zilizobaki haziendi popote. Zinapanda, na mgongo wa tuta uko juu yao kidogo tu. Hesabu halisi ya lambo lako aifanye mhandisi, ila hii inatosha kukuonyesha kwa nini kichaka kimoja utoroni si jambo dogo.

Sasa yale makosa yetu. Mwaka huo vuli ilikuwa haba. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja na wazo.

"Shemeji, maji yanapita bure pale utoroni. Tuyainue kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Viroba viwili kwenda juu. Kiangazi utanishukuru."

Tukapanga viroba vya mchanga upana wote. Maji yakapanda sentimita 40, sote tukafurahi. Vijana wanaovua perege nao wakaongeza wavu mbele ya viroba ili samaki wasitoroke, nami nikawaacha, maana perege wao tulikuwa tunakula wote. Masika ikafika. Usiku mmoja wa Aprili, saa tatu hivi, nikatoka na tochi. Ule wavu ulikuwa umeshika mabua ya mahindi, matawi, chupa za soda, na ndala moja ya mtoto, umekuwa ukuta. Maji yalikuwa shubiri moja chini ya mgongo. Tulifungana kamba viunoni, tukaanza kung'oa viroba vilivyokwisha kunywa maji, kimoja kinataka watu wawili. Tulimaliza saa saba usiku. Asubuhi nikaenda kwenye lile bonde la ng'ombe juu ya tuta. Majani yalikuwa yamelala, yote yanaelekea upande mkavu, kama nywele zilizochanwa. Chini yao palikuwa na mfereji wa urefu wa mkono wangu. Maji yalikuwa yameshaanza kupita juu, sisi hatukujua.

Baadaye nilikuja kusoma habari za bwawa la South Fork, kule Pennsylvania, Marekani. Lilikuwa la udongo, mali ya klabu ya matajiri waliokuwa wakivua samaki. Wenyewe waliteremsha mgongo wa tuta ili magari ya farasi yapishane, mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameshaondolewa zamani na hayakurudishwa, na kwenye utoro wakaweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaziba vile vyuma, maji yakapita juu ya tuta. Mji wa Johnstown ulio chini ukafagiliwa. Walikufa watu 2,209. Bonde mgongoni, utoro uliozibwa, wavu wa samaki: mimi nilikuwa navyo vyote vitatu, ila kwa kipimo cha perege.

Kwa hiyo: utoroni pasiwe na kiroba, wavu, uzio wa miba, kichaka, migomba, wala gogo la kuvukia. Ukitaka maji zaidi, chimba lambo liende chini, usiinue utoro.

Hatua ya nne: maji yanayovuja

Kila tuta la udongo hutoa jasho. Ukikuta unyevu upande mkavu usikimbie, ila uujue. Njia ni hii. Tembea unyayoni mwote polepole, ukichoma fimbo kila hatua mbili. Tafuta mahali palipo na majani mabichi Februari wakati kwingine kote kumekauka, au matete na mafunjo yaliyoota ambako hakuna mto. Majani hayo hayadanganyi. Yanakunywa kutoka lamboni mwako.

Ukipata maji yanayotoka, fanya mambo mawili. Kwanza rangi. Kinga maji hayo kwenye chupa, bila kutibua matope ya pembeni. Iweke kivulini juu ya jiwe, kaa nusu saa, kisha itazame kitako chake. Ikibaki safi, tuta linatoa jasho. Ikiwa kuna tope limetua, hata unene wa ukucha, basi kile kilichomo ndani ya chupa ni tuta lako: maji yamepata njia na yanabeba udongo nje, chembe kwa chembe. Njia hiyo huanzia upande mkavu na kujichimba kurudi nyuma kuelekea kwenye maji, na ikifika, bomba limekamilika. Hiyo si ya kungoja wiki ijayo. Mpigie mhandisi siku hiyohiyo na uanze kuteremsha maji.

Pili kiasi. Chonga kijito, weka kipande cha bomba, ukinge ndoo ya lita 20 huku unatazama saa ya simu. Ikijaa kwa dakika nne ni lita tano kwa dakika. Andika tarehe, dakika, na kina cha maji lamboni siku hiyo. Bila hicho cha tatu namba zako hazina maana, kwa sababu lambo likijaa lazima livuje zaidi. Unachokitafuta ni siku ambayo maji yako kina kilekile cha mwaka jana, lakini ndoo inajaa mapema.

Macho yako yakae zaidi mahali ambapo bomba la kutolea maji linapita ndani ya tuta. Udongo haushikani vizuri na plastiki wala chuma, na fundi huona taabu kushindilia chini ya tumbo la bomba. Maji hupenda kuambaa nje ya bomba. Mtu aliyekupitishia bomba la birika la ng'ombe kwa kutoboa tuta, akafukia kwa koleo, amekuachia deni.

Wakati mwingine utaona maji yanachemka bila moto: kijicho cha maji kinabubujika unyayoni, na mchanga umejipanga kukizunguka kama kichuguu kidogo. Watu hukimbilia kukiziba kwa udongo wa mfinyanzi na kukikanyaga. Usifanye hivyo. Ukiziba mdomo wa chungu kinachochemka, mvuke unatafuta pengine. Kinachotakiwa ni kuyaacha maji yatoke lakini kuuzuia udongo: mimina mchanga safi wa mtoni juu yake, kisha kokoto ndogo, kisha mawe, kila tabaka liwe na chembe kubwa kuliko lile lililo chini yake. Ukiwa na viroba, vizungushe kama mdomo wa kisima ili maji yapande kidogo humo ndani na kupunguza kasi. Kuziba kwa udongo au turubai kunafaa upande wa maji tu, pale unapoona kisulisuli kidogo kinazunguka juu ya maji, maana huko ndiko shimo linakoingilia.

Hatua ya tano: nyufa, mashimo, miti

Nyufa zipo za aina mbili. Unaokatiza mgongo, kutoka upande wa maji kwenda upande mkavu, ndio mbaya zaidi, kwa kuwa maji yakipanda yanaukuta mlango wazi. Ufukue mpaka mwisho wake, ujaze upya kwa kushindilia. Unaokwenda sambamba na tuta unaweza kuwa ukavu tu wa kiangazi, au tuta limeanza kuteleza. Pigilia vijiti viwili, kila kimoja upande wake wa ufa, pima nafasi kati yao, rudi baada ya wiki. Ikiwa imeongezeka, au upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, ita mtaalamu.

Mashimo ya panya buku, ya nungunungu, na vichuguu vya mchwa juu ya tuta huwa hayaoneshi ubaya wowote kiangazi kizima, kwa sababu yako juu ya maji. Siku maji yanapopanda ndipo yanapogeuka mifereji. Chimbua, fuata tundu hadi mwisho, jaza, shindilia. Mchwa ukimwachia malkia utarudia kazi.

Kuhusu miti najua nitapingwa, kwani tumefundishwa kwamba mti hushika udongo. Ukoka hushika udongo. Mti mkubwa juu ya tuta hupeleka mizizi ndani kabisa, na ukifa, mizizi inaoza na kuacha mabomba. Ukiangushwa na upepo, unang'oka na kisiki chenye udongo wa trekta zima. Ng'oa miche ikiwa midogo kama kidole. Ule uliokwisha kuwa mti usiukate ukauacha kisiki kioze. Ng'oa mizizi maji yakiwa chini, ujaze shimo kwa tabaka. Mwembe wa baba ulikuwa juu ya tuta kabisa. Tuliuondoa kwa mbinde, na mama alininunia mwezi mzima.

Udongo wa kujazia nao upime kabla. Chukua kibonge kikavu cha ukubwa wa kunde, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Tumia maji hayo na si ya kisima cha chumvi, kwa kuwa chumvi huficha ugonjwa. Kibonge kikimomonyoka na kukaa chini kama kirundo kidogo, maji yakibaki safi, sawa. Kikitoa ukungu kama maziwa unaosambaa wenyewe, udongo huo huyeyuka majini hata ukiushindilia namna gani. Tafuta mwingine.

Ng'ombe wasinywee juu ya tuta. Zungushia uzio, watolee maji kwa bomba lililowekwa vizuri hadi kwenye birika huko chini. Uzio huohuo utawasaidia watoto: kingo za lambo zina utelezi, kina kinaanza ghafla, na mtoto akizama hapigi kelele. Acha njia moja tu ya kuchotea, yenye ngazi, na kamba iliyofungwa kwenye dumu tupu la kumrushia mtu.

Hatua ya sita: usiku wa mvua

Kabla ya mvua simika kigingi ndani ya maji, mahali unapoweza kukimulika kwa tochi ukiwa ardhi ngumu kando ya tuta. Kipake rangi: nyeupe hadi usawa wa utoro, njano nusu mita ya juu yake, nyekundu kuanzia hapo. Maji yakifika njano unakesha. Yakifika nyekundu unawatoa watu wa bondeni, na huombi ruhusa ya mtu yeyote kwanza. Wakirudi asubuhi wakakuta lambo liko palepale wakakucheka, sawa. Oktoba 2019 mvua zilipokata barabara na madaraja huku Handeni na Korogwe, walioondoka mapema hawakujuta.

Usikate mfereji kwenye tuta kwa jembe ili "kupunguza maji". Nimewasikia wazee wenye busara zao wakishauri hivyo. Mfereji wa upana wa jembe unakuwa mlango wa lori kabla hujapata nafasi ya kutoka. Kama lazima upanue njia, panua utoro, kwenye ardhi ya asili, upande ulio mbali na tuta. Na usimtume mtu kusimama unyayoni usiku.

Ukiteremsha maji kwa pampu au bomba na hakuna dharura, usizidi futi moja kwa siku. Upande wa ndani umelowa. Maji yaliyokuwa yakiuegemea yakiondoka ghafla, huporomoka.

Makaratasi

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, kuzuia na kuhifadhi maji kwenye mkondo kunahitaji kibali, hata kama shamba ni lako. Huku kwetu, mito ya Pangani, Zigi, Umba na Msangazi iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani; ukielekea Wami, Chalinze na Bagamoyo ni Bodi ya Wami/Ruvu. Wengi wanaogopa kwenda, wakidhani watafungiwa lambo. Mimi nilikwenda na daftari langu la ndoo na vipimo, na mazungumzo yakawa mepesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kuonyesha.

Masika yakiisha, zunguka tena mara moja kabla majani hayajaficha kila kitu. Tazama alama ya takataka iliyobaki kwenye nyasi. Ndiyo mahali maji yalipofika juu kabisa. Ipime kutoka mgongoni, uandike mwaka. Langu mwaka huu lilibakiza sentimita 70. Vile viroba vya shemeji tulivikausha, tukavijaza mchanga safi wa mtoni, na sasa vimepangwa chini ya banda, ishirini na sita, pamoja na rundo la kokoto. Shemeji mwenyewe ndiye huvihesabu kila Februari.